Hongera Wanaowageuza Wagonjwa

Wauguzi wa wodi za mahututi za Ufaransa walioubeba utafiti wa daktari Claude Guérin, uliochapishwa mwaka 2013, wanastahili pongezi za dhati. Wagonjwa wenye mapafu yaliyoumia vibaya walilazwa kifudifudi angalau saa 16 mfululizo. Ndani ya siku 28 walifariki asilimia 16, dhidi ya 32.8 ya waliolazwa chali.

Mashine ya kupumulia ilisukuma pumzi ndogondogo, shinikizo likidhibitiwa lisiyaumize mapafu zaidi. Lakini mashine haimgeuzi mtu. Muuguzi mmoja hushika kichwa na mpira wa kupumulia, ndiye anayehesabu. Wenzake hugeuza mwili kwa pamoja. Kisha macho hufungwa yasikauke, shavu huwekewa mto. Kazi hii huumiza mgongo, nami naithamini kuliko dawa nyingi za bei ghali.