Nam June Paik alivyoigeuza televisheni kuwa ala ya muziki

Nam June Paik hutajwa kama baba wa sanaa ya video. Ukizichunguza kazi zake kwa jicho la fundi, unakutana na mwanamuziki ambaye hakuwahi kuacha muziki.

Alizaliwa Seoul mwaka 1932. Vita vya Korea vilipozuka familia yake ilikimbia, ikaishia Japani. Alisoma Chuo Kikuu cha Tokyo, akaandika tasnifu kuhusu mtunzi Arnold Schoenberg, kisha akaenda Ujerumani kujiendeleza. Huko Darmstadt, mwaka 1958, alikutana na Mmarekani John Cage, aliyekuwa akipachika skrubu na vipande vya mpira kati ya nyuzi za piano ili itoe sauti asizozikusudia mtengenezaji wake. Paik aliishika kanuni hiyo maisha yake yote.

Machi 1963 alifanya onyesho lake la kwanza la peke yake katika Galerie Parnass, Wuppertal. Watu husimulia zaidi jinsi msanii Joseph Beuys alivyoivamia piano moja kwa shoka. Mimi naona uzito ulikuwa kwingine. Paik alikata mkanda wa sauti vipande vipande, akavibandika ukutani vikipishana kila upande. Akachomoa kichwa cha kinasa sauti, kile kidude kinachogeuza usumaku wa mkanda kuwa umeme, akakifunga waya mrefu na kumkabidhi mgeni. Ukikiburuta taratibu, sauti inakuwa nzito, ukikikimbiza, inapanda. Kasi, mwelekeo na mpangilio, mambo ambayo mtunzi huyalinda kwa wivu, yote yakawa mkononi mwa msikilizaji.

Katika onyesho hilohilo alizifanyia televisheni vivyo hivyo. Ujerumani Magharibi ilikuwa bado na chaneli chache tu, na video za kurekodi nyumbani hazikuwepo, hivyo aliingilia mitambo yenyewe. Seti moja aliiunganisha na redio: sauti ikipanda, nukta ya mwanga kwenye kioo inakua. Nyingine ilikuwa mbovu, picha yote imesinyaa kuwa mstari mmoja. Aliilaza ubavu, mstari ukasimama wima, akaionyesha hivyo.

Mwaka 1965 alifika mbali zaidi kwa kuweka sumaku kubwa juu ya seti. Ndani ya zile televisheni za chogo, mwale wa elektroni hurushwa kutoka nyuma, na koili zilizozunguka shingo ya kioo huusukuma huku na huko kuchora picha mstari kwa mstari. Sumaku ya nje inauvuta mwale kando, picha inajikunja kama kitambaa. Ukiisogeza sumaku, umbo jipya linazaliwa papo hapo. Huo ni upigaji wa ala, maana hakuna kilichorekodiwa.

Kisha, pamoja na fundi wa Kijapani Shuya Abe, alitengeneza sinthesaiza ya video, yenye vitufe vya kuchanganya na kupaka rangi picha kutoka kamera kadhaa. Agosti 1970, kituo cha WGBH cha Boston kiliirusha hewani moja kwa moja kwa saa nne, na wapita njia wakaitwa ndani waichezee wenyewe, kama yule mgeni aliyekabidhiwa kichwa cha kinasa sauti. Kwa hiyo anayetaka kumwelewa Paik aanzie kwenye ule mkanda wa Wuppertal, kabla ya kufika kwenye televisheni.