Ustadi wa Kumlea Mbwa wa Staffordshire

Mwaka 1835 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuharamisha mchezo wa kuwafunga mafahali na dubu kambani ili mbwa wawararue mbele ya watazamaji, na tangu hapo mbwa waliozalishwa kwa ukatili huo, wenye damu iliyochanganya taya za bulldog na wepesi wa terrier, walibaki hawana kazi ya halali katika nchi iliyowaumba. Wengine walifichwa na kupiganishwa wao kwa wao kwa siri, hasa katika miji ya wachimba makaa na wafua minyororo ya eneo liitwalo Black Country. Wengine waliishi katika vijumba vya mafundi hao hao, wakilala karibu na meko pamoja na watoto. Ilipita miaka mia kamili hata mwaka 1935, wapenzi wao walipokutana katika baa ya Cross Guns, mjini Cradley Heath, wakaunda chama na kuziandika sifa za mbwa wao, na Kennel Club ya Uingereza ikamkubali katika daftari zake kwa jina la Staffordshire Bull Terrier.

Naitaja tarehe hii kwa sababu ustadi ninaotaka kuusifu, ustadi wa kumlea na kumtia adabu mtoto wa mbwa huyu hata awe mwenzi wa nyumba, haufahamiki ila kwa kujua mlezi anapokea nini mikononi mwake. Anapokea mnyama ambaye akitimia atakuwa na kimo cha inchi 14 hadi 16 tu begani, yaani takriban sentimita 36 hadi 41, lakini akiwa dume uzito wake utafika kilo 13 hadi 17 za misuli mitupu, kifua kipana, shingo fupi na mashavu yaliyojaa nyama ya taya. Pamoja na nguvu hizo anapokea hulka ya ajabu, nayo ni mapenzi makubwa kwa binadamu. Wapenzi wa nasaba hii husimulia kuwa zamani mtu alihitaji kumshika mbwa wake kwa mikono mitupu katikati ya ghasia, na kwamba mbwa aliyeugeuzia meno mkono wa mwanadamu hakuwekwa. Na wale walioziandika sifa zake rasmi walimtaka awe shujaa, mwerevu na mwenye huba, hususan kwa watoto. Mapenzi, basi, mlezi huyakuta yamekwisha kuwamo, na kazi inayombakia ni kuyatia adabu, ili kiumbe ajaye mbio kukulaki kwa furaha asimwangushe bibi mlangoni.

Kazi hiyo huanza kabla mtoto hajafika nyumbani. Nchini Uingereza mfugaji mwenye leseni haruhusiwi kuuza mtoto wa mbwa ambaye hajatimiza wiki 8, na mnunuzi mwenye busara huenda pale pale alipozaliwa, akamtazama mama yake na kuupima utulivu wake mbele ya wageni, maana sehemu ya tabia hurithiwa na sehemu nyingine hupatikana ubavuni mwa mama katika wiki hizo za awali. Huuliza pia vyeti vya vipimo viwili: kimoja cha mtoto wa jicho wa kurithi, na kingine cha maradhi yaitwayo kwa kifupi L-2-HGA, ambayo huudhuru ubongo na kumletea mbwa mitetemo na kifafa. Maradhi yote mawili hujificha kwa wazazi waonekanao wazima, na wabebaji wawili wa kasoro ile ile wakikutanishwa, kila mtoto wao ana hatari moja katika nne ya kuugua. Anayeuliza bei kabla ya kuuliza vyeti ameanza vibaya, hata kama ana moyo mwema.

Halafu huja majuma ambayo hayana badala. Wataalamu wawili wa Kimarekani, John Paul Scott na John L. Fuller, waliofanya utafiti wa miaka mingi huko Bar Harbor katika jimbo la Maine na kuuchapisha mwaka 1965, walionyesha kuwa kuna kipindi, tangu wiki ya 3 hadi kama ya 12, ambamo mtoto wa mbwa huupokea ulimwengu kwa wepesi asioupata tena maishani. Lakini kipindi hicho hicho ndicho ambamo chanjo za kumkinga na parvo na distempa hazijakamilika, na ardhi wanayopita mbwa wengine ina hatari kwake; na hapa mlezi mwema hutofautiana na mlezi wa bahati. Mlezi mwema hamfungii ndani mpaka siku ya chanjo ya mwisho, wala hamwachii akanyage kila mahali, bali humpakata na kutoka naye: wakasimama mbali kidogo na lango la skuli wakati watoto wanapotoka kwa makelele, wakatazama treni zikiingia stesheni, baiskeli, kiti cha magurudumu, mzee mwenye bakora, mwanamume mwenye kofia pana, mwavuli ukifunguka kwa ghafla. Kila jambo geni linapotokea, kipande kidogo cha nyama hufika kinywani. Masikio yakianza kulala nyuma na mwili kukakamaa, mlezi husogea nyuma hatua kadhaa bila ya maneno, maana amekwisha soma kuwa umbali huo haujatosha. Tazama ni elimu kiasi gani imo katika kusogea huko nyuma! Pupa ya kumzoesha kwa kumsukumiza katika kile anachokiogopa imeharibu mbwa wengi kuliko uvivu.

Kiini cha ustadi wenyewe, hata hivyo, kimo katika wakati, na wakati ninaousema ni ule wa kufumba na kufumbua jicho. Mbwa huambatisha malipo na lile jambo alilokuwa akilifanya malipo yalipofika, si lile alilolifanya kabla. Mtoto anayefundishwa kukaa huinuliwa pua kwa kipande cha chakula kinachopita taratibu juu ya kichwa chake, na kwa kuwa kichwa kikienda juu makalio hushuka yenyewe, hukaa pasipo kusukumwa. Sasa neno la sifa litoke makalio yanapogusa sakafu, maana likichelewa kidogo tu, akawa amekwisha kuinuka, aliyelipwa ni kuinuka. Kadhalika katika unadhifu: hutolewa nje kila anapozinduka usingizini, kila amalizapo kula na kila baada ya mchezo, na mlezi hungoja naye pale pale katika mvua ile ya Kiingereza, ambayo mbwa huyu mwenye manyoya mafupi huichukia mno, ili amsifu hapo hapo nyasini, asingoje warudi jikoni, ambako sifa zitakuwa za kuingia mlangoni. Wako watu wanaomshika mtoto shingo na kumsukuma pua katika mkojo wake wa saa iliyopita, nao hawamfundishi ila kumwogopa mwenye mikono. Aghalabu matokeo yake ni mbwa anayejificha nyuma ya kiti ili kujisaidia. Mlezi stadi hufuta sakafu, akanyamaza, akatoka naye mapema zaidi mara nyingine.

Sisi tuliolelewa pwani, ambako mate ya mbwa yana hukumu zake za tohara na mbwa mwenyewe hukaa nje ya nyumba, twaweza kudhani kuwa maarifa ya namna hii ni ya wageni peke yao. Lakini Kurani yenyewe, katika Sura ya Maida, inahalalisha windo lililokamatwa na wanyama waliofundishwa, na kuihesabu elimu ya kuwafundisha kuwa sehemu ya ile ambayo Mwenyezi Mungu aliwafundisha wanadamu. Mbwa aliyefundishwa ana daraja katika sheria ambayo asiyefundishwa hana. Hayo ni mazito kuyatafakari, na mtu aliyezoea kumjua mbwa kwa kibao cha langoni tu, chenye kuonya juu ya ukali wake, ana haki ya kujua kuwa ukali si kipimo pekee cha manufaa yake.

Kinywa cha mbwa huyu kinahitaji fundi wa peke yake. Meno ya utotoni ni 28, membamba na makali, na kati ya mwezi wa 4 na wa 7 hung'oka yakatoa nafasi kwa meno 42 ya utu uzima. Katika muda huo wote atatafuna viatu, miguu ya meza na vidole vya watu kwa moyo mkunjufu kabisa. Mlezi humpa mpira mgumu wa kutafunia, na meno yakigusa ngozi mchezo hukoma papo hapo na mchezaji huondoka bila ya kelele. Hivyo mtoto hujifunza, kabla taya hazijapata nguvu zake kamili, kiasi cha ulaini ambacho ngozi ya binadamu huhitaji, na somo hili likipita wakati wake ni gumu kulirudia. Watoto wa nyumba hupata mafunzo yao pia: wasimwamshe aliyelala, wasimkumbatie anapokula, wasimkimbize anapoondoka zake. Wala wasiachwe naye peke yao, hata akiwa mpole namna gani.

Watu humtazama kifua wakadhani anahitaji mkono mzito, na mimi sijaona dhana iliyo mbali zaidi na ukweli. Sauti ya hamaki humvunja. Hujikunyata, hutetemeka, na somo lote hupotea. Upweke nao humwelemea, kwa hiyo hufundishwa kuachwa kwa taratibu: mlango ukafungwa kwa pumzi chache, ukafunguliwa bila ya shangwe, kisha muda ukaongezwa, huku akiwa na kitu cha kutafuna na usingizi wa kutosha, maana mtoto wa mbwa huhitaji kulala sehemu kubwa ya mchana na usiku. Masomo yawe ya dakika chache. Somo likisha, aachwe akacheze.

Mtihani mwingine huja anapobaleghe, wakati wale mbwa wenzake aliokuwa akicheza nao wanapoanza kumkera, kwa kuwa damu ya zamani haijafutika yote. Hapo mlezi huzidisha umbali, humvisha mikanda ya kifuani badala ya kumkaba shingo, na humlipa kila anapomtazama mbwa mwingine kisha akarudisha macho kwake. Hubeba pia mzigo wa macho ya watu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1991 juu ya mbwa wa hatari haikumtaja mbwa wa Staffordshire miongoni mwa nasaba ilizozipiga marufuku, lakini wapitao njia wengi hawatofautishi, na mwenye mbwa asiye na adabu humdhulumu kila mwenye mbwa wa nasaba hiyo.

Na kwa kuwa wengi walimtaka kwa sababu ya sura yake wasiutake ulezi wake, amejaa katika makao ya mbwa waliotupwa, likiwamo lile la Battersea jijini London lililoasisiwa na Mary Tealby mwaka 1860. Huko hukutwa mbwa wazima ambao hawakuwahi kupakatwa kuoneshwa lango la skuli, na walezi wao huanza nao kwa kipande kile kile cha nyama na umbali ule ule, wakasogea mbele hatua moja kwa juma pale ambapo mtoto angesogea kumi kwa siku. Wajuao kazi hii huniambia kuwa wanaowapenda zaidi ni hao.