Kupima Ustadi wa Matabaka ya Picha

Anayetaka kujua kama picha imehaririwa kwa ustadi asiridhike kuitazama ikiwa imekamilika, kwani uso wa picha waweza kumhadaa hata mwenye jicho kali. Bali na aombe faili ambalo matabaka yake, yaani tando za uhariri zilizopangwa moja juu ya nyingine, hayajaunganishwa, alifungue katika kompyuta, alikague toka chini kwenda juu, ndipo atakapobaini kama aliyeifanya kazi ile ni fundi au amebahatisha.

Chini kabisa sharti ikae picha asilia, salama kama ilivyotoka katika kamera. Kwa rai yangu hili ndilo kubwa kuliko yote. Gustave Le Gray, mpiga picha Mfaransa wa miaka ya 1850, alikuwa akiunganisha negativu mbili, moja ya mbingu na moja ya bahari, kwa kuwa mwanga uliozifaa hizo mbili haukuwa mmoja, na karatasi ikishachapwa haikuwa na marejeo. Ilhali matabaka, tangu yalipoingizwa katika programu ya kuhariri picha ya Photoshop mwaka 1994, fadhila yake kuu ni kumruhusu mhariri kughairi pasipo hasara. Basi aliyepaka brashi moja kwa moja juu ya picha asilia ameitupa fadhila hiyo, hata kama rangi zake zinapendeza.

Twaa mfano wa mzee aliyevaa kofia ya kudariziwa, amesimama adhuhuri mbele ya ukuta wa chokaa, uso wake umo kivulini. Mwanagenzi huongeza tabaka la kurekebisha mwanga, uso ukaonekana, lakini ukuta ukateketea kwa weupe. Ndipo anapohitaji barakoa, ambayo palipo peupe huidhihirisha kazi ya tabaka, palipo peusi huificha, na penye kijivu huipitisha kwa kadiri. Hapo ikuze picha, uutazame mpaka wa kofia na ukuta, kisha ndevu. Ukiona ukingo mwangavu umemzunguka mzee kichwani, brashi ilivuka mpaka; ukiona ndevu zimekoma ghafula kana kwamba zimekatwa kwa makasi, brashi ilikuwa ngumu mahali palipotaka ulaini. Fundi hubadili brashi katika barakoa ile ile: ngumu penye upindo wa kofia, laini penye nywele zinazopitisha mwanga.

Kisha zima tabaka hilo la mwanga kwa alama ya jicho iliyo kando yake, uliwashe tena, ukikitazama kivuli cha chini ya kidevu. Jua la adhuhuri hutoka juu, kwa hiyo kivuli kile hupungua tu, hakitoweki. Kikitoweka, uso umekuwa mgeni katika picha yake wenyewe, na aghalabu dawa yake ni kushusha nguvu ya tabaka, pengine toka asilimia 100 hata 40, wala si kuongeza tabaka jingine la kuficha kosa.

Majina nayo yatazamwe: kila tabaka liwe na kazi moja, na jina liitaje kazi hiyo. Mwisho, faili lihifadhiwe kwa muundo wa PSD, au XCF kwa watumiao programu ya GIMP, kwani JPEG huyaunganisha matabaka yote kuwa kitu kimoja. Na aliyeletewa JPEG pekee aweza kuihukumu picha, lakini kazi ya mhariri hajaiona.