Nani Mwenye Vyombo? Somo la Bendi za Morogoro kwa Okestra za Vijana

Novemba 1965 Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari, na Cuban Marimba Band ya Morogoro ikabaki bila mwanzilishi, mtunzi na mwimbaji wake mkuu. Wengi wangedhani mambo yamekwisha. Hayakwisha. Juma Kilaza alishika usukani, bendi ikarudi jukwaani, ikaendelea kutoa santuri na kujaza kumbi kwa miaka. Januari 1979 barabara ikachukua mwingine. Mbaraka Mwinshehe, akiwa na umri wa miaka 34, alifariki kwa ajali huko Mombasa. Bendi yake, Super Volcano, haikudumu baada yake.

Ni ajali mbili, wanamuziki wawili waliotokea mji mmoja, muziki wa aina moja, na matokeo mawili yasiyofanana. Mashabiki wakizungumzia tofauti hii huishia kwenye kipaji: fulani hakuwa na mfano wake. Kipaji kipo, sikatai. Lakini Salum naye hakuwa na mfano wake, na bado kiti chake kilipata mkaliaji. Kwa hiyo mimi naangalia ufundi wa nyuma ya pazia: vyombo vilikuwa vya nani, nani alipiga sehemu gani, na kijana alipata wapi nafasi ya kukosea.

Nauliza haya kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu kuwasaidia wanamuziki vijana yameegemea upande mmoja. Tukisema tunawasaidia wanaopiga violini, tarumbeta na saksafoni, huwa tunafikiria walimu, semina na vyeti. Si vibaya. Lakini ukichunguza jinsi mji huu ulio chini ya Milima ya Uluguru ulivyozaa wanamuziki waliosikika Afrika Mashariki nzima, utaona kwamba kulikuwa na mambo matatu yaliyotangulia masomo: vyombo vya kikundi, ngazi ndani ya muziki wenyewe, na saa ya kukosea mbele ya watu. Mambo hayohayo ndiyo yanayoamua kama kijana aliyenyamaza kwa miezi kadhaa atarudi jukwaani au atauza gita.

Na msomaji asishangae nikiweka bendi ya dansi na okestra katika kapu moja. Hapa kwetu neno hilo lina wenyewe: Orchestra Maquis, Orchestra Safari Sound, Mlimani Park Orchestra. Zilikuwa na safu ya magita, safu ya vyombo vya kupuliza, safu ya ngoma na safu ya waimbaji, na kila safu ikiisubiri nyingine. Hiyo ni okestra, hata kama hakuna aliyevaa koti jeusi.

Vyombo kwanza

Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, ikachochea mashamba ya mkonge. Mashamba yakaleta vibarua, vibarua wakaleta mishahara, na palipo na mshahara hapakosi dansi. Tangu 1933 kampuni ya HMV ilikuwa ikiuza Afrika santuri za GV zenye muziki wa Kuba, na kwa kijana kama Salum Abdallah hizo ndizo zilizokuwa mwalimu. Unasikiliza, unarudisha sindano, unasikiliza tena. Mwaka 1948 alianzisha kundi la La Paloma, ambalo baadaye lilikuja kuwa Cuban Marimba. Tayari Morogoro Jazz, iliyozaliwa 1944, ilikuwa na wafuasi wake. Mji mdogo ukawa na bendi mbili kubwa zinazotazamana.

Santuri, hata hivyo, haifundishi vidole visivyo na gita. Kwenye dansi tukisema "vyombo" tunamaanisha mali yote ya bendi, kuanzia magita, ampli, spika, drams na tumba hadi saksafoni na tarumbeta. Wanamuziki wengi wa enzi hizo hawakumiliki hata kimoja. Vyombo vilikuwa vya klabu, vya tajiri, au, hasa baada ya Uhuru, vya taasisi. NUTA Jazz, ya mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Mpiga saksafoni aliajiriwa kama watumishi wengine, akapokea mshahara mwisho wa mwezi, na jioni akakabidhiwa saksafoni isiyo yake.

Utaratibu huu ulikuwa na pande mbili. Upande mmoja, mtoto wa kibarua aliweza kuwa mpiga tarumbeta bila baba yake kuuza shamba. Kilichotakiwa ni sikio, subira na kuhudhuria mazoezi. Upande wa pili, aliyeondoka aliondoka mikono mitupu. Ndiyo maana historia ya dansi imejaa habari za wanamuziki kuhama kutoka kwa mwenye vyombo huyu kwenda kwa yule, wakati mwingine nusu ya bendi kwa usiku mmoja. Na mashirika yalipoanza kufilisika au kubinafsishwa miaka ya 1990, vyombo vilikwenda na mashirika.

Fundisho la kwanza basi ni hili. Ukitaka okestra ya vijana, usianze kwa kumnunulia kila kijana violini, na usianze kwa kumtegemea mfadhili mmoja mwenye stoo na ufunguo. Vyombo viwe vya kikundi chenye katiba, rejista, mahali pakavu pa kuhifadhia, na fundi anayejulikana kwa jina. Morogoro ni mji wa joto, na masika yake yana unyevu mwingi. Gundi ya violini hulegea, na ngozi za vifuniko vya saksafoni hunata zikikaa bila kupigwa. Okestra isiyo na bajeti ya fundi itafika mwaka wa tatu ikiwa na masanduku mazuri na vyombo vibovu.

Ngazi ndani ya muziki

Jambo la pili limo ndani ya upangaji wa nyimbo. Sikiliza wimbo wowote wa dansi wa miaka ya 1960 au 1970 ukiwa umetega sikio kwenye magita peke yake. Solo anatembea anakotaka, anajibu mwimbaji, anapamba. Chini yake yupo anayepiga second solo, mwenye kipande kifupi kinachojirudia na kugongana na cha mwenzake kwa mahesabu. Chini zaidi yupo wa rizimu, anayeshika kodi tatu au nne bila kuyumba tangu mwanzo wa wimbo hadi chemko, pale wimbo unapopamba moto. Besi inawafunga wote.

Huo ni muziki, lakini pia ni ngazi ya shule. Mgeni anaweza kuwekwa kwenye rizimu baada ya miezi michache, akawa na kazi ya kweli mbele ya watu wa kweli, huku sikio lake likikaa hatua mbili kutoka kwa bingwa kila usiku. Haigizi muziki. Anaupiga, ila kwa sehemu aliyoiweza. Siku solo akiugua, aliyekaa karibu naye kwa mwaka mzima tayari anaujua wimbo kwa upande wa pili.

Mbaraka Mwinshehe aliingia Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, akiwa kijana wa miaka ishirini hivi. Mwaka 1970 bendi hiyo iliiwakilisha Tanzania kwenye maonesho ya dunia ya Expo '70 mjini Osaka, Japani. Kutoka ugeni hadi Osaka ni kama miaka mitano tu. Kasi hiyo haielezeki kwa kipaji pekee. Bendi ilimpa kazi ya kupiga usiku hadi usiku.

Na hapa ndipo ninapoiona tofauti niliyoanza nayo. Mbaraka aliiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuunda Super Volcano, bendi iliyosimama juu ya mambo yake mwenyewe: gita lake la solo, sauti yake, tungo zake. Ngazi ilikuwepo, lakini ngazi ya juu kabisa haikuwahi kukaliwa na mwingine. Cuban Marimba ilipompoteza Salum, ilikuwa na mtu anayeweza kupanda. Sidai kwamba hii ndiyo sababu pekee. Nadai kwamba kwa mtu anayepanga okestra ya vijana, hii ndiyo sababu iliyo mikononi mwake.

Kwa hiyo mpangaji wa muziki wa vijana ana kazi kubwa kuliko anavyodhaniwa. Nota zilizoandikwa kwa okestra ya wakubwa wa Ulaya humwacha nje mwenye mwaka mmoja wa mafunzo. Afadhali wimbo mmoja wa kwetu uliopangwa upya kwa violini tatu za viwango vitatu: ya kwanza ikibeba sauti ya mwimbaji, ya pili ikipiga kipande cha second solo, ya tatu ikishika rizimu kwa nyuzi mbili. Wote wanatoka jukwaani wakiwa wamepiga.

Saa ya kukosea

Dansi la zamani lilianza kama saa tatu usiku na kuendelea hadi usiku wa manane. Usiku mrefu namna hiyo hauchezwi na mabingwa peke yao. Saa ya kwanza, watu wakiwa bado wanatafuta viti na kuagiza bia, ilikuwa nafasi ya wadogo kupasha moto. Makosa yao yalimezwa na kelele za ukumbi. Mkubwa aliingia watu walipojaa.

Kulikuwa pia na dansi la mchana la vijana, lile waliloliita bugi, ambalo bendi changa zilipiga mbele ya watu wa rika lao. Leo tungeliita jukwaa la mafunzo, tukaliombea fedha. Enzi hizo lilijilipia kwa kiingilio kidogo na soda.

Ukumbi wa dansi ulikuwa na kasoro moja kubwa: vijana wa kike walikuwa wachache sana, hasa kwenye vyombo. Mzazi gani angemruhusu binti wa miaka kumi na saba kurudi nyumbani saa nane za usiku akiwa na saksafoni begani? Zanzibar wameonesha njia nyingine. Chuo cha muziki cha DCMA, kilichofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002, kinafundisha mchana kanuni, udi, violini na ngoma, na wanawake waliopita humo sasa wanaongoza bendi zao. Wakati wa kufundisha na wakati wa kupiga ni sehemu ya ufundi pia. Ukibadilisha saa, umebadilisha nani anaweza kuja.

Lakini DCMA hiyohiyo mwaka 2019 ilitangaza hadharani kwamba fedha zimepungua na huenda ikafunga milango. Karo ya wanafunzi wa kawaida haiwezi kubeba chuo cha muziki, na mfadhili ana siku yake ya kuondoka. Nairobi, mradi wa Ghetto Classics ulioanza Korogocho mwaka 2008 ulipata msaada kutoka kwenye mapato ya tamasha la jazi. Kinshasa, okestra ya simfoni ya Wakimbangu ilianza mwaka 1994 chini ya Armand Diangienda ikiwa na violini chache zilizopokezanwa kwa zamu, na nyuzi zilipokatika walitumia waya za breki za baiskeli. Njia hizo tatu hazifanani, lakini zilizodumu zilikuwa na jumuiya inayozizunguka: parokia, kanisa, mtaa.

Baada ya kimya

Tarehe 17 Machi 2020, kwa sababu ya korona, Serikali ilifunga shule na kuzuia mikusanyiko, matamasha yakiwemo. Vyuo vilifunguliwa 1 Juni, na shule nyingi 29 Juni. Kwa hesabu ya Ulaya, ambako kumbi nyingi zilikuwa bado kimya Februari 2021 wakati tamasha la Sauti za Busara likifanyika Ngome Kongwe, Zanzibar, kimya chetu kilikuwa kifupi. Kwa mpiga tarumbeta wa kwaya mwenye miaka kumi na sita, hakikuwa kifupi.

Midomo ndiyo ya kwanza kulegea. Misuli inayoshika mdomo wa tarumbeta hupotea upesi na hurudi polepole, na anayeilazimisha huumia. Vidole vya violini hupoteza ugumu wa ncha. Kinachochelewa kurudi kuliko vyote ni sikio la pamoja, ile hali ya kujua bila kutazama kwamba mwenzako anakaribia kuvuta pumzi. Huwezi kulifanyia mazoezi chumbani.

Nidhamu ya kurudi haina siri. Vyombo vikaguliwe na fundi kabla ya watu. Safu moja moja ifanye mazoezi peke yake, dakika chache na mapumziko mengi, ndipo zikutanishwe. Onesho la kwanza liwe la nusu saa, nyimbo zinazojulikana, mbele ya wazazi na majirani, mchana. La pili liwe na wageni. Kiingilio kije kwenye la tatu. Watunzaji wakipanda jukwaani na noti zao, fedha ziingie kwenye kapu moja, maana kijana wa rizimu hatunzwi na mtu, na bila yeye solo hana pa kusimama.

Morogoro ina vinavyohitajika. Ina Chuo Kikuu cha Sokoine na vyuo vingine vyenye maelfu ya vijana wanaotafuta pa kwenda Jumapili. Makanisa yana wapiga tarumbeta. Wazee waliokaa kwenye bendi wangali wanaweza kukumbuka kipande cha second solo kwa kukiimba. Kinachokosekana ni ukumbi unaofunguliwa saa tisa alasiri, na stoo yenye vyombo ambavyo, mtu mmoja akiondoka au akifa, havitaondoka naye.