Baridi Hutoka Chini: Hesabu ya Machela Kando ya Mkuyu

Usiku wa kwanza nilijifunika blanketi mbili juu ya begi la kulalia, na bado saa tisa ilinikuta macho, nikisugua mgongo. Ilikuwa Julai, karibu na Mukuyuni, Makueni, msimu ambao upepo wa kusi husukuma mawingu hadi Milima ya Kilungu na jua likawa la kuvizia. Kifuani nilikuwa na joto la kunitosha. Kuanzia mabegani hadi makalioni, nilikuwa kama mtu aliyelalia sakafu iliyopigwa deki dakika hiyo.

Machela, kile kitanda cha kitambaa kinachofungwa baina ya miti miwili, huwadanganya wengi kwa kuwa haigusi ardhi. Mtu akishauepuka udongo hudhani ameiepuka baridi. Udongo angalau hautembei, hewa hutembea. Joto likipenya kitambaa tu, upepo hulibeba, na hewa nyingine baridi ikaja kuchukua zamu. Begi la kulalia halisaidii hapo, maana kinachotia joto ndani yake ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi. Ukiilalia hewa hiyo inatoka yote, nawe unabaki na tambara.

Wanaoivisha muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, kwa kikapu wanalijua jambo hili. Sufuria ikishachemka vizuri huepuliwa, ikazamishwa katika kikapu kilichoshindiliwa vitambaa pembeni na chini, ikafunikwa mto, na chakula kikaendelea kuiva bila kuni. Hakuna anayefunika juu tu akaacha kitako wazi. Mimi ndivyo nilivyofanya.

Basi nikapiga hesabu. Mtu aliyelala huzalisha takriban wati 40 za joto kwa kila mita ya mraba ya ngozi. Ngozi ikiwa na nyuzijoto 33 na hewa ya usiku 13, tofauti ni 20. Mkeka wa povu wa milimita 10, ule mwepesi wenye viputo vilivyofungwa, hupitisha kama wati 80 kwa mita ya mraba katika tofauti hiyo: mara mbili ya unachozalisha. Mikeka miwili hupitisha 40. Hapo mgongo na usiku vinaanza kuelewana. Kwenye lebo za wauzaji, ambako R ni kipimo cha kuzuia joto lisipite, unene wa kwanza ni kama R 1.4, na wa pili unaongezeka juu yake bila hila yoyote. Ndiyo maana sioni haja ya kukimbilia mkeka wa kujazwa upepo wa bei ya mbuzi kabla hujajaribu povu mbili za bei ya kuku.

Ila povu si lolote lile. Kata kipande, kizamishe majini, kikamue. Kikitoa maji, hiyo ni sponji ya godoro: hewa yake ina milango, na chini ya nyonga sentimita tano hubaki moja.

Usiku wa pili nililalia povu: mgongo ulitulia, mabega yakalia. Machela hukukumbatia, kwa hiyo mkeka wa upana wa sentimita 50 huacha mabega yakigusa kitambaa kitupu. Nilikata kipande nikakilaza kukingama chini ya mabega, umbo la herufi T, nikashona mfuko wa kitambaa cha pamba kuzuia vyote visiteleze. Pamba hiyo hiyo ilininywea jasho, kwa maana povu halipumui.

Usiku wa tatu nikajaribu njia ninayoipenda zaidi: mfarishi wa chini. Ni duveti ya mitumba, ya poliesta, iliyoning'inizwa nje, chini ya machela, isikolaliwa. Nilikunja pindo za miisho yote miwili, nikapitisha kamba za kukazia, kisha nikaishikiza kwa raba za tyubu, zile ambazo watu wa bodaboda hufungia mizigo. Manyoya ya bata ni mepesi zaidi, lakini ukungu wa Kilungu ukiyalowesha hulala chapa, poliesta huvumilia.

Kazi yote ipo kwenye kukaza. Nililegeza raba, pakabaki nafasi ya ngumi kati ya duveti na mgongo, na upepo ukapita humo kama uchochoroni. Nikakaza mno, duveti ikabanwa, hewa ikatoka. Ilikaa sawa pale kiganja kilipopenya kwa shida kidogo, duveti ikigusa bila kusukuma. Nje yake nikafunga turubai jembamba upande wa upepo.

Kosa lililobaki lilikuwa la mahali. Jina Mukuyuni lina mkuyu ndani yake, na mkuyu hupenda maji. Matawi yake manene yalinivuta hadi bondeni. Usiku ukitulia, hewa baridi ni nzito kuliko ya joto, hivyo huteremka mlimani ikatuama huko huko chini. Nilipohamia kwenye miembe juu ya mteremko, nilitoa blanketi moja.

Duveti ile haikunjiki ikawa ndogo. Ilijaza gunia zima, ikapanda bodaboda kama abiria. Ningekuwa natembea siku tatu mlimani, ningeiacha nyumbani nikabeba povu mbili, na soksi za sufu, kwa kuwa miguu bado sijaipatia dawa.