Kilichowekwa Mwisho Hutangulia Kutoka

Mwanamke wa Kiturkana anapohama na mifugo haanzi kwa kung'oa fito. Huondoa kwanza ngozi na majani ya mkoma yaliyofunika nyumba, ndipo afungue fito. Lugha ya C++, ambayo Bjarne Stroustrup alianza kuiunda mwaka 1979, ina kanuni hiyohiyo: vitu vilivyoundwa ndani ya kizuizi kimoja hubomolewa kwa kinyume cha mpangilio wa kuundwa kwavyo, na kila kimoja huachilia kilichoshika, iwe kumbukumbu au faili.

Mambo yalizidi kuwa magumu mwaka 2011, lugha ilipopokea neno constexpr. Kompaila, ambayo kazi yake ilikuwa kutafsiri msimbo, sasa ikapiga baadhi ya hesabu yenyewe kabla programu haijaendeshwa. Toleo la 2020 likaruhusu hata kuomba kumbukumbu ndani ya hesabu hizo, mradi irudishwe kabla hazijaisha. Kwa hiyo kompaila lazima ijue kila kitu kama kingali hai au kimeshabomolewa, na msimbo ukigusa kilichobomolewa iukatae papo hapo. Ikisahau kubomoa kitu cha muda, au ikikibomoa mara mbili, mwandishi wa programu hudanganywa na chombo anachokitegemea kwa kila kitu.

Nawaheshimu sana wanaorekebisha hitilafu hizo katika kompaila za GCC na Clang. Hupokea maelfu ya mistari ya mtu wasiyemjua na kuipunguza, mstari kwa mstari, hadi ibaki michache ambayo bado inaonyesha kosa. Kwangu hiyo ndiyo nusu ya ustadi wenyewe, maana kila kinachobaki ni ushahidi. Husaka badiliko la zamani lililoleta kosa. Rekebisho laweza kuwa mistari miwili tu. Pembeni yake huacha jaribio la kudumu, ili kosa lisirudi bila kuonekana.

Msimbo wa kompaila hizi uko wazi kwa yeyote, hata kwa kijana wa Turkana. Loropio, kando ya Ziwa Turkana, ipo kampasi ya Startup Lions iliyosanifiwa na msanifu majengo Francis Kéré na kukamilika 2021, ambamo vijana hujifunza kazi za kompyuta. Kuijenga GCC nzima kwenye kompyuta ndogo huchukua saa nyingi, lakini kupunguza mfano wa kosa hakudai mashine kubwa. Kijana wa Lodwar, wa Kakuma, au wa Todonyang kule mpakani, anzia hapo: chagua hitilafu moja iliyoripotiwa, punguza mfano wake, kisha uutume.