Ngome ya Mpakani: Uhakiki wa Kisa cha Wachezaji Wanaoanza

Mwishoni mwa mwaka 1979 kampuni ya TSR ya Marekani ilitoa kijitabu cha Gary Gygax kiitwacho The Keep on the Borderlands. Ni kisa cha kuchezwa mezani katika Dungeons & Dragons, mchezo uliotolewa mwaka 1974: mmoja husimulia, wengine huwa wahusika, na dadu huamua penye shaka. Kilitiwa katika sanduku la wanaoanza. Tunakihakiki hapa kwa kuwa mwalimu wa Kiswahili wa Busia au Tororo anaweza kukifundishia mazungumzo.

Ubora wake wa kwanza ni mpangilio. Kuna ngome salama ya kununulia vifaa na kupumzikia, na si mbali kuna bonde lenye mapango mengi. Mchezaji huchagua aingie lipi, akizidiwa, hurudi. Ubora wa pili ni uvumi. Wachezaji hupewa habari, nyingine za kweli, nyingine za uongo. Kwa darasa la lugha hii ni hazina, kwani wanafunzi hulazimika kuulizana na kupima kauli: "eti", "inasemekana", "nimeona mwenyewe". Hapo sarufi ina kazi.

Hata hivyo, kasoro zipo. Watu wa ngomeni wametajwa kwa vyeo bila majina. Mwanafunzi atamwamkiaje mtu asiyejulikana umri wala ukoo? Kubwa zaidi ni mpaka wenyewe: upande huu ustaarabu, upande ule mazimwi wa kuuawa, ingawa mapangoni mna wake na watoto wao. Busia haiko hivyo. Wasamia na Wateso wako Kenya na Uganda. Anayevuka asubuhi huenda anakwenda kwa shemeji yake. Kanuni za mchezo zenyewe zinaruhusu amani, kwani dadu mbili huweza kuamua kama anayekutwa atashambulia, atasita au atakuwa rafiki. Gygax anadokeza kwamba jamii za mapangoni zina uhasama ambao mchezaji mwerevu aweza kuutumia, lakini hapo maneno yanabaki kuwa hila ya vita.

Mwalimu atakayetunga kisa chake, vyumba sita vinamtosha. Pawe na njia mbili za kuingilia, hatari itoe dalili kabla ya kudhuru, na mlango mmoja usifunguke ila kwa mazungumzo. Mandhari hayako mbali: katika pango la Kitum, Mlima Elgon upande wa Kenya, tembo huingia gizani kutafuta chumvi. Mchezaji akisikia vishindo, awashe mwenge, anyamaze, au arudi? Wenzake wabishane kwa Kiswahili.

Nchini Uganda, wengi walikijua Kiswahili kama lugha ya amri za askari. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la nchi hiyo liliidhinisha kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Idhini hiyo haitoshi kukifanya kipendwe. Mtoto wa Tororo anahitaji kukutana nacho kikiwa lugha ya kupatana, na kisa kilichotungwa vizuri kinaweza kumpa nafasi hiyo kwa kipindi kimoja cha darasa, karatasi moja na dadu mbili.